KABALA NI NINI? Masuali ya Mwenye Kuanza na Majawabu Yake

Miongoni mwa masuali yanayoletwa darasani mara kwa mara ni suali la Kabala ya Mayahudi. Mmoja asema kuwa ni uchawi uliopokewa kwa mashetani wa Babil. Wa pili asema ni elimu kubwa ya siri, mwenye kuijua hutajirika na kuwatawala watu. Wa tatu asema ni tasawwuf ile ile ya Waislamu, hapana khitilafu ila ya majina. Watatu hawa wote wasema kwa kusikia. Hapana hata mmoja wao aliyefungua kitabu.

Jambo hili si dogo. Kuwasemea watu yasiyo yao ni ushahidi wa uwongo, hata wakiwa watu hao si wa dini yako. Na kuliogopa jambo usilolijua, au kulitamani, ni mlango ambao walaghai wengi wameingilia katika nyumba za watu. Kwa ajili hii tumeyakusanya masuali hayo na kuyapanga kwa utaratibu wa mafunzo, la kwanza likiwa ngazi ya kupandia la pili. Kanuni yetu ni moja: kwanza tuyaeleze maneno ya wenyewe kama wanavyoyasema; kisha ndipo tuyapime.

SUALI LA 1: Neno "Kabala" lina maana gani?

JAWABU: Ni neno la Kiebrania, na maana yake ni "kupokea", yaani elimu iliyopokewa na mwanafunzi kwa mwalimu wake, kinywa kwa sikio. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja. Herufi za asili ya neno hili ni qaf, ba na lam, nasi twazitumia kila siku katika Kiswahili bila ya kutambua: kukubali, kukabili, kabla, kibla, kabila, yote yametoka katika shina hilo. Basi jina lenyewe halina uchawi wala kitisho. Lililomo ndani yake ni dai: kwamba elimu hii haikubuniwa, bali imepokewa. Kama dai hilo ni kweli au si kweli, tutaliangalia katika suali la nne.

SUALI LA 2: Je, Kabala ni kitabu, ni madhehebu, au ni dini nyengine?

JAWABU: Si kitabu kimoja, wala si dini ya pili. Ni njia ya kuifasiri Taurati na ibada. Myahudi mwenye kufuata Kabala husali sala zile zile za Mayahudi wenziwe, huishika Sabato ile ile, na hujizuia na vyakula vile vile. Anachozidisha ni itikadi ya kwamba kila neno la Taurati lina dhahiri na batini, na kwamba kila amri ya dini ina siri yake katika ulimwengu wa juu.

Wanavyuoni wao wameigawanya maana ya maandiko katika daraja nne: maana ya wazi, ishara, mafundisho ya wahubiri, na siri. Herufi za mwanzo za majina ya daraja hizo kwa Kiebrania huunda neno "pardes", yaani bustani. Nalo ni ndugu wa neno "firdausi" tulijualo sisi. Kabala hushughulika na daraja ya nne.

SUALI LA 3: Elimu hii ilianza lini na wapi?

JAWABU: Hapa yatupasa kutenga mambo mawili: mbegu na mti.

Mbegu zake ni za kale. Katika zama za wanavyuoni wao wa karne za mwanzo za miladi walikuwako watu waliozama katika mambo mawili: khabari za kuumbwa ulimwengu, na maono ya Nabii Ezekieli aliyeona kiti cha enzi juu ya gari la mbinguni. Mambo haya yalikatazwa kusomeshwa hadharani. Kisha pana kitabu kifupi kiitwacho Sefer Yetzirah, yaani "Kitabu cha Kuumba", kinachosema kuwa ulimwengu umeumbwa kwa njia 32: hesabu 10 na herufi 22 za alifabeti ya Kiebrania. Hakika ya mtungaji wake haijulikani. Lakini mwaka 931 kilikuwa kimekwisha enea, kwani mwaka huo Saadia Gaon, mzaliwa wa Misri aliyekuwa mkuu wa chuo cha Mayahudi huko Iraki, alikiandikia sherehe yake kwa lugha ya Kiarabu.

Ama mti wenyewe, yaani Kabala kwa maana tunayoikusudia, ulichipua katika karne ya 12 kusini mwa Ufaransa, katika nchi ya Provence. Huko ndiko kilikodhihiri kitabu kiitwacho Bahir, na huko ndiko alikosomesha Isaac aliyekuwa kipofu. Kutoka huko elimu ikavuka milima ikaingia Hispania, katika mji wa Gerona na nchi ya Castile. Mwaka 1492 wafalme wa Kikristo wa Hispania wakawafukuza Mayahudi wote waliokataa kubatizwa. Wengi wao wakapata hifadhi katika dola ya Waturuki wa Kiuthmani, na baadhi ya wanavyuoni wao wakakaa katika mji mdogo wa Safed, ulio juu ya milima ya Galilaya huko Palestina. Huko, chini ya bendera ya Sultani wa Waislamu, Kabala ilifikia upeo wake katika karne ya 16. Hili ni jambo la kukumbukwa na kila anayedhani kuwa elimu hii ilikua mbali na ulimwengu wetu.

SUALI LA 4: Zohar ni kitabu gani, na sanad yake ikoje?

JAWABU: Zohar ndiyo nguzo ya vitabu vya Kabala. Maana ya jina lake ni "mng'aro", na shina lake ni lile lile la nyota ya Zuhura. Ni mkusanyo mkubwa wa tafsiri ya Taurati, sehemu kubwa yake kwa Kiaramu, na ndani yake muna khabari za Rabi Shimon bar Yochai wa karne ya 2 na wanafunzi wake, wakitembea njiani na kufumbuliana siri.

Wenye kukiamini husema kuwa ni maneno ya Shimon mwenyewe. Lakini kitabu hiki hakikuonekana na mtu ila katika miaka ya mwisho wa karne ya 13, huko Castile, na aliyekitoa kidogo kidogo ni mtu mmoja aitwaye Moses de León, aliyefariki mwaka 1305. Mwanachuoni mwengine wa wakati ule, Isaac wa Akka, alisafiri mpaka Hispania kuuliza asili yake. Akaambiwa kuwa mjane wa Moses de León amesema hapana nuskha yoyote ya kale. Mumewe alikuwa akiandika kutoka kichwani mwake, na akiandika jina la Shimon ili maneno yapate heshima na bei. Khabari hii yenyewe imepita midomo kadhaa kabla ya kuandikwa, kwa hivyo haitoshi peke yake kuwa hoja.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya lugha. Katika karne ya 20 Gershom Scholem (1897–1982), Myahudi na bingwa mkubwa wa taarikh ya Kabala, alionyesha kuwa Kiaramu cha Zohar si cha karne ya 2, bali ni cha mtu aliyekijua kwa kusoma vitabuni. Na kwamba mwandishi wake haijui vyema jiografia ya Palestina, na fikira zake ni za Hispania ya zama za kati. Scholem aliona kuwa mtungaji ni Moses de León. Wengine baada yake wameona kuwa ni kazi ya kikundi kilichomzunguka. Pamoja na haya, wako Mayahudi wengi hadi leo wanaokitukuza na kukinasibisha na Shimon.

Mwanafunzi wa hadithi ataitambua mara moja njia hii ya uchunguzi. Tumefundishwa kuuliza: nani amepokea, kwa nani, na je, walikutana? Kati ya Shimon na Moses de León pana miaka zaidi ya elfu, wala haikuonyeshwa silsila ya wapokezi. Neno laweza kuwa zuri, lakini uzuri wake haulipi sanad lisiyokuwa nayo.

SUALI LA 5: Itikadi yao khasa ni ipi? Ein Sof na sefirot ni nini?

JAWABU: Msingi wa itikadi yao ni suali ambalo kila mwenye kumwamini Mungu mmoja hulikuta: vipi Mungu asiyefanana na chochote, asiyefikiwa na fikira, awe na mahusiano na ulimwengu huu wenye mipaka?

Jawabu lao lina sehemu mbili. Mungu kama alivyo katika dhati yake wamemwita Ein Sof, maana yake "Asiye na Mwisho". Huyu, wasema, hapana sifa yoyote iwezayo kumfikia, wala hapana fikira ya kumzunguka. Lakini Asiye na Mwisho amejidhihirisha kwa nuru 10 ziitwazo sefirot, moja ni sefira. Shina la neno hili ni "kuhesabu". Majina yao kwa utaratibu ni haya: Keter, taji, Hokhmah, hekima, Binah, ufahamu, Hesed, fadhila, Gevurah, nguvu ya hukumu, Tiferet, uzuri, Netzah, ushindi wa kudumu, Hod, utukufu, Yesod, msingi, na Malkhut, ufalme. Ile ya mwisho pia huitwa Shekhinah, yaani kuwako kwa Mungu pamoja na viumbe vyake. Msomaji wa Kiarabu ataona ndugu wengi humo: Hokhmah ni hikma, Gevurah yatokana na shina la Jabbar, Malkhut na Maliki ni shina moja, na Shekhinah ni sakina.

Huzichora kwa sura ya mti au ya mtu, kwa safu tatu. Safu ya kulia ni ya upole na kutoa. Safu ya kushoto ni ya ukali na kuzuia. Ya kati ni ya kusawazisha. Wasema kuwa fadhila bila ya hukumu huuzamisha ulimwengu kama mvua isiyokatika, na hukumu bila ya fadhila huukausha. Na kila tendo la mwanadamu, jema au ovu, hugusa mizani hiyo. Hapa ndipo ilipo nguvu ya fundisho hili katika nyoyo za wafuasi wake: mtu mnyonge kabisa anayetoa sadaka gizani ameambiwa kuwa tendo lake lina athari mpaka mbinguni.

SUALI LA 6: Kumi? Je, huko si kumwekea Mungu washirika?

JAWABU: Suali hili hawakuliuliza watu wa nje tu, waliliuliza Mayahudi wenyewe, na kwa ukali. Abraham Abulafia, aliyezaliwa mwaka 1240 naye mwenyewe ni mtu wa Kabala, lakini ya njia nyengine, aliwalaumu wenziwe kwa kuwafananisha na Wakristo: hawa wamefanya watatu ni mmoja, nanyi mmefanya kumi ni mmoja.

Wenye sefirot walijibu kuwa hizo si miungu wala hazitengani na Mungu. Kisha wakakhitilafiana wao kwa wao: je, sefirot ni dhati ya Mungu, au ni vyombo tu anavyotendea kazi? Moses Cordovero wa Safed (1522–1570) alijaribu kuzipatanisha kauli mbili hizo kwa mfano wa maji. Maji hayana rangi. Ukiyatia katika chupa nyekundu huonekana mekundu, na katika chupa ya kijani huonekana ya kijani. Rangi ni ya chupa, maji hayakugeuka.

Aliyesoma elimu ya tauhidi ataukumbuka mjadala wa wanavyuoni wetu juu ya sifa za Mwenyezi Mungu, Muutazila wakisema neno na Maashaari wakisema jengine. Suali ni la jamaa moja. Lakini majawabu si mamoja, kwani sefirot zasemwa kuwa hutokana moja baada ya moja, na kuungana na kutengana kwa sababu ya matendo ya watu. Haya mwanachuoni wa Kiislamu hawezi kuyakubali katika sifa za Mungu. Basi kusema "Mayahudi wa Kabala waabudu miungu kumi" ni uwongo. Na kusema "itikadi yao na yetu ni moja" ni uwongo pia.

SUALI LA 7: Isaac Luria alileta jambo gani jipya?

JAWABU: Isaac Luria alizaliwa Baytul Muqaddas mwaka 1534, akakulia Misri, akafika Safed mwaka 1570. Alisomesha kwa muda wa miaka miwili tu, akafa kwa tauni mwaka 1572, umri wake miaka 38. Yeye hakuandika ila kidogo sana. Aliyeyahifadhi mafundisho yake zaidi ni mwanafunzi wake Hayyim Vital, aliyefia Dameski mwaka 1620.

Fundisho lake ni kisa cha mafungu matatu. La kwanza ni kujikusanya: ikiwa Asiye na Mwisho amejaza kila mahali, ulimwengu utawekwa wapi? Akasema kuwa Mungu kwanza alijikusanya, akaacha nafasi. La pili ni kuvunjika kwa vyombo: nuru ikamiminwa ndani ya vyombo katika nafasi ile, vyombo vya chini havikustahimili, vikapasuka, na cheche za nuru zikatawanyika na kunaswa ndani ya maganda ya giza. La tatu ni matengenezo, kwa Kiebrania "tikkun": kazi ya mwanadamu, kwa ibada na matendo mema, ni kuzikusanya cheche hizo na kuzirudisha mahali pake.

Kumbuka wasikilizaji wake ni kina nani. Walikuwa ni wana na wajukuu wa watu waliofukuzwa Hispania, walioacha nyumba, makaburi na vitabu. Mwalimu akawaambia kuwa kutawanyika si aibu yao peke yao. Ulimwengu wote umevunjika na kutawanyika, na wao wamepewa kazi ya kuukusanya. Haishangazi kuwa fundisho hili lilienea upesi kuliko yote yaliyotangulia.

SUALI LA 8: Na yale mahesabu ya herufi?

JAWABU: Huitwa gematria. Kila herufi ina thamani ya hesabu, na maneno yenye jumla moja hudhaniwa kuwa na uhusiano wa siri. Hesabu hii ndiyo abjadi yetu: alif 1, ba 2, jim 3, dal 4, na kuendelea. Kiebrania chaishia 400. Kiarabu chaongeza herufi sita mpaka 1000. Nambari 786, ambayo wengine huiandika juu ya barua zao mahali pa Bismillahi, imetokana na hesabu hiyo.

Mfano wao mashuhuri: neno "ehad", mmoja, ni 1 na 8 na 4, jumla 13. Neno "ahavah", upendo, ni 1 na 5 na 2 na 5, nalo 13. Kumi na tatu mara mbili ni 26, na 26 ndiyo jumla ya herufi nne za jina la Mungu kwa Kiebrania. Mfano ni mzuri, na unafaa kuwa pambo la waadhi.

Lakini pambo si hoja. Kwa hesabu ile ile, "nahash", nyoka, ni 358, na "mashiah", yaani Masihi, ni 358. Je, Masihi ni nyoka? Anayempenda mtu fulani atasema hii ni siri ya utukufu wake; anayemchukia atasema ni dalili ya upotovu wake; nambari imewanyamazia wote wawili. Na kwa Kiarabu, "amal", matumaini, ni 71, na "alam", maumivu, ni 71. Mizani inayopima dhahabu na mchanga kwa uzito mmoja hainunuliwi na mfanya biashara mwenye akili.

SUALI LA 9: Basi Kabala ni uchawi? Na ni kweli kuwa ndani yake muna siri za kuitawala dunia?

JAWABU: Wenyewe hugawanya Kabala mafungu mawili: ya kutafakari na ya kutenda. Yote tuliyoyataja mpaka sasa ni ya kutafakari. Ya kutenda ni kutumia majina matukufu na majina ya malaika kwa kuandika hirizi, kuponya na kukinga. Hayyim Vital aliwaonya watu wasiifanye. Lakini makatazo hayo hayakuwazuia wengi, kama yasivyowazuia watu kwetu.

Mwaka 1751 palizuka fitina kubwa katika miji ya Hamburg na Altona, huko kaskazini mwa Ujerumani. Rabi wa miji hiyo, Jonathan Eybeschütz, alikuwa akiwaandikia hirizi wanawake wazazi. Mwanachuoni mwengine, Jacob Emden, akazifungua hirizi na kudai kuwa ndani yake muna jina la Masihi wa uwongo lililofichwa kwa mafumbo. Eybeschütz akakana. Mayahudi wa Ulaya wakagawanyika, na mashtaka yakafika mpaka kwa mfalme wa Denmark, aliyekuwa mtawala wa Altona. Tazama basi: mama anayeogopa uchungu wa kuzaa avaa karatasi asiyoweza kuisoma, na wasomi wawili wakubwa hawaafikiani ndani yake mumeandikwa nini. Wangapi katika miji yetu ya pwani wamevaa mfano wake, wakalipa, wala hawakuuliza?

Ama siri za kuitawala dunia, hazimo. Wanaosema hivyo aghlabu hutegemea karatasi ziitwazo "Itifaki za Wazee wa Sayuni", zilizochapishwa Urusi mwaka 1903. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha, ukurasa kwa ukurasa, kuwa karatasi hizo zimeibwa katika kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864, alichomwandikia vijembe mfalme Napoleon III, na ambacho hakina khabari ya Mayahudi. Tunayo haki ya kubishana na Mayahudi katika itikadi, na ya kupinga dhuluma ya mwenye kudhulumu. Lakini hoja ya haki haihitaji cheti cha kughushi.

SUALI LA 10: Kwa nini waliifanya siri, na husema kuwa haisomwi kabla ya miaka 40?

JAWABU: Kwa sababu waliona madhara yake. Wana kisa cha kale cha wanavyuoni wanne walioingia bustanini, yaani katika elimu ya siri: mmoja akafa, wa pili akapotewa na akili, wa tatu akaritadi, ni Akiva peke yake aliyeingia kwa salama akatoka kwa salama.

Na taarikh ikasadikisha. Mwaka 1665 Sabbatai Zevi, mtu wa Izmir, alitangazwa kuwa ndiye Masihi. Aliyemtangaza ni Nathan wa Gaza, kijana aliyezama katika fundisho la Luria. Khabari ikaenea Yemen, Salonica, Amsterdam na Hamburg; watu wakauza mali zao wakingoja kuchukuliwa Baytul Muqaddas. Mwaka 1666 Sabbatai akapelekwa Edirne mbele ya Sultani Mehmed IV, na huko akasilimu. Wengi wa wafuasi wake wakarudi makwao kwa huzuni. Wengine hawakuweza kukiri kuwa wamedanganyika, wakasema kuwa hata kusilimu kwake ni siri: Masihi ameshuka ndani ya maganda ya giza kuziokoa cheche. Hivi ndivyo itikadi ya batini inavyoweza kumfunga mtu: ukisha kubali kuwa dhahiri si kitu, hapana jambo litakaloweza kukuonyesha kuwa umekosea.

Baada ya mikasa hiyo na mfano wake, mkutano wa marabi huko Brody mwaka 1756 ukakataza Zohar kwa aliye chini ya miaka 30, na vitabu vya Luria kwa aliye chini ya 40.

SUALI LA 11: Je, Mayahudi wote waikubali?

JAWABU: La. Mwaka 1639 Leon Modena wa Venice aliandika kitabu kizima kuipinga. Na karibu zaidi nasi, ng'ambo ya bahari hii hii, katika mji wa Sana'a, alikuwako Rabi Yihya Qafih (1850–1931). Aliwaita Mayahudi wa Yemen waache Zohar na khurafa za hirizi na mashetani, warudi katika Taurati, katika vitabu vya Musa bin Maimun, na katika matumizi ya akili. Watu wake wakagawanyika makundi mawili, hata shauri likafika mbele ya Imamu Yahya. Mjukuu wake, Yosef Qafih (1917–2000), aliishi Baytul Muqaddas akavifasiri kwa Kiebrania vitabu ambavyo wazee wake walivitunga kwa Kiarabu.

Kwa upande wa pili, Mahasidi, waliotokana na Israel Baal Shem Tov aliyefariki mwaka 1760, wameifanya Kabala kuwa chakula cha watu wa kawaida, kwa nyimbo, furaha na visa. Basi asemaye "Mayahudi waamini hivi" katika jambo hili, na aulizwe: Mayahudi gani?

SUALI LA 12: Na uhusiano wake na tasawwuf?

JAWABU: Majirani huazimana. Abraham mwana wa Musa bin Maimun (1186–1237), kiongozi wa Mayahudi wa Misri, aliwasifu Masufi waziwazi, na kwa Kiarabu akatunga kitabu cha kuwahimiza watu wake katika zuhudi. Yeye hakuwa mtu wa Kabala, lakini aonyesha kuwa mlango ulikuwa wazi. Abulafia naye alifundisha kutamka majina ya Mungu kwa kupima pumzi na kutikisa kichwa, na wachunguzi wengi wameona humo mfano wa dhikri. Lakini mfano si utambulisho. Mti wa sefirot na kisa cha vyombo ni vyao wenyewe, na vimejengwa juu ya lugha na maandiko yao.

MAMBO YA KUSHIKWA

Katika yote haya mwanafunzi na achukue mizani tatu, azitumie kwa Kabala na kwa kila elimu inayojiita ya siri, iwe ya wengine au ya nyumbani kwetu.

Ya kwanza ni sanad: nani amesema, lini, na kwa nani amepokea? Ya pili ni hoja: je, njia hii yaweza kumwonyesha mwenyewe kuwa amekosea, au yathibitisha kila kitu na kinyume chake, kama nambari 358? Ya tatu ni athari: je, yamwongoza mtu kwenye matendo mema yanayoonekana, au yamfunga kwa mtu mmoja, kwa khofu na kwa malipo?

Tukiitumia mizani hiyo kwa wengine na kuificha tunapofika kwenye abjadi na hirizi zetu, tutakuwa tumesoma taarikh ya Mayahudi bila ya kufaidika nayo. Kila msomaji na aanzie mlangoni mwake: lile karatasi lililoshonwa ndani ya ngozi, lining'inialo shingoni mwa mtoto, na aulize limeandikwa nini, na nani aliyeliandika, na kwa dalili gani.